Ni Nani Amchagulie Mtoto Mafunzo?

Katika mambo yote ambayo mtu mzima humfanyia mtoto bila kumwuliza, ni machache yaliyo makubwa kama kumchagulia mafunzo. Chakula kisichomfaa atakitapika. Nguo ikimbana ataivua. Lakini aliyofundishwa miaka saba hawezi kuyavua, wala hakuna awezaye kumrudishia miaka ile afundishwe mengine. Kwa hiyo yatupasa kuuliza kwa makini: haki ya kuchagua ni ya nani? Ni ya mzazi aliyemzaa? Ni ya serikali imlipayo mwalimu? Au ni ya nchi ile ambayo mtoto hutazamiwa kwenda kuishi?

Wazazi wa Kasulu na Kibondo wakikutana shuleni huzungumza habari za madawati, vyoo, chakula cha mchana na nyumba za walimu. Mambo hayo yamo mikononi mwa kamati ya shule, na juu yake halmashauri ya wilaya pamoja na afisa elimu wake. Lakini mzazi akisimama na kuuliza watoto wafundishwe nini, jibu halitoki Kasulu wala Kibondo. Mtaala hutungwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ambayo asili yake ni sheria ya mwaka 1975. Mitihani ya mwisho husimamiwa na Baraza la Mitihani, lililoanzishwa mwaka 1973. Kisha wathibiti ubora huja darasani kuona kama yaliyoagizwa yanafundishwa. Hata mtaala mpya uliofuata sera ya 2023, ulipoanza kutumika Januari 2024, haukuanza kwa kura ya wilaya yo yote.

Ziko nchi zifanyazo vingine. Marekani imegawanyika katika wilaya za shule maelfu kwa maelfu, na katika nyingi za hizo wenyeji huchagua baraza lao kwa kura. Baraza hilo, likifuata sheria za jimbo, huamua mengi juu ya masomo na vitabu. Mtu aweza kuona kwamba desturi hiyo ni bora, kwa kuwa mzazi yu karibu na mwamuzi. Lakini desturi yetu nayo ina haki ndani yake. Mtoto wa Kibondo ambaye baba yake amehamia Dodoma huingia darasani akaendelea alipoachia, na cheti chake hakiulizwi kimetoka kijiji gani. Tena kijiji maskini hakiachwi kijitungie elimu ya kimaskini. Basi kuamua mbali si dhuluma kwa sababu tu ni mbali. Twapaswa kutazama zaidi ya hapo.

Na sisi wa nyanda hizi tuna mahali pazuri pa kutazamia, maana hapa kwetu wilaya moja imeona mitaala mitatu kwa wakati mmoja. Mtu asafiriye kutoka Kasulu kwenda Kibondo hupita Makere, ambako watoto wa kijiji husoma masomo ya Tanzania kwa Kiswahili. Si mbali na hapo ndipo ilipowekwa kambi ya Nyarugusu mwaka 1996, ilipopokea watu waliokimbia vita vya Kongo. Watoto wao wakapangiwa mtaala wa Kongo, ambao lugha yake kuu ni Kifaransa, ingawa wengi wao walikuja wakisema Kiswahili tangu nyumbani. Mwaka 2015 ghasia za Burundi zikaleta watu wengine wengi, nayo kambi ya Nduta katika Kibondo ikafunguliwa tena. Watoto hao wakapewa mtaala wa Burundi, wenye Kirundi katika miaka ya kwanza na Kifaransa baadaye. Basi mvua ile ile iliwanyeshea wote, na udongo mwekundu ule ule ulichafua miguu yao; lakini mmoja alihesabu kwa Kiswahili, na wa pili na wa tatu wakatazamiwa kuhesabu kwa Kifaransa.

Mtu asiseme kwamba tofauti hizi zimo katika damu. Kiha na Kirundi ni lugha za karibu mno, hata Muha na Mrundi husikizana bila mkalimani. Wabelgiji waliiteka Kigoma mwaka 1916 wakakaa hata 1921, ndipo Waingereza walipoipokea. Kama Wabelgiji wangaliachiwa Buha kama walivyoachiwa Burundi, yamkini mtoto wa Kasulu naye leo angalikuwa akisoma Kifaransa, na watu wangalisema kwamba ndiyo elimu impasayo. Mpaka uliochorwa na wageni mezani ndio uliomchagulia mafunzo.

Sasa, kwa nini mkimbizi alipewa mtaala wa nchi aliyoikimbia? Sababu yake si mbaya. Ilitazamiwa kwamba vita vitakwisha, naye atarudi kwao. Na akirudi, yafaa aingie darasa lake bila kuanza upya, akiwa na cheti kinachojulikana kule. Mzazi atazamiaye kurudi naye hufurahi akisikia mtoto wake akitaja milima na mito ya kwao. Lakini matazamio ni matazamio. Mtoto aliyezaliwa Nyarugusu mwaka kambi ilipofunguliwa sasa ni mtu mzima, awezaye kuwa na watoto wake mwenyewe shuleni. Alifundishwa safari ya kwenda nchi ambayo hakupata kuiona, na miaka ikapita, safari isiwepo. Naye akitaka kuendelea katika sekondari ya Kasulu kama jirani yake wa Makere, mtihani ule wa jirani yake hakuufanya.

Tukasema basi kwamba ingalikuwa heri kumpa mtaala wa Tanzania? Jambo hilo nalo limekwisha kujaribiwa. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walipewa ardhi Ulyankulu, Katumba na Mishamo, na watoto wao wakaingia katika shule zenye mtaala wa Tanzania. Kwa wengi jambo hilo lilikuwa jema, maana walikua wakijua Kiswahili, na mwaka 2014 watu zaidi ya 150,000 miongoni mwa jamaa hizo walikuwa wamekubaliwa uraia. Lakini wengine maelfu mengi walichagua kurudi Burundi katika mwaka 2008 na miaka iliyofuata. Watoto wao wakaingia madarasani kule, wakakuta masomo yanatolewa kwa Kirundi na Kifaransa. Kijana aliyekuwa hodari wa hesabu kwa Kiswahili alikaa kama bubu, akachanganywa na wadogo zake.

Tazameni ajabu hii. Wale wa 1972 walifundishwa ili wakae, na wengine wao wakarudi. Wale wa 1996 walifundishwa ili warudi, na wengi wao wakakaa. Wakubwa walikisia mara mbili, na mara zote mbili gharama ya makisio ililipwa na mtoto.

Katika habari hii ndimo tupatamo jibu la swali letu. Kila mtaala ni makisio juu ya maisha ya mtoto: mahali atakapokaa, lugha atakayouzia na kununulia, kazi atakayofanya. Mzazi hukisia, serikali hukisia, na nchi ya asili hukisia. Hakuna aionaye kesho. Kwa hiyo haki ya kuchagua haiwezi kuwa milki ya ye yote kati yao. Ni amana. Na mwenye kushika amana haulizwi kama ana nguvu za kuishika, bali huulizwa ameitunzaje. Kipimo chake ni hiki: kama makisio yetu yakikosa, je, mtoto atabaki na kitu mkononi?

Kwa kipimo hicho twaweza kuhukumu pasipo chuki. Mtaala wa Kongo katika Nyarugusu haukuwa kosa kwa kuwa ni wa Kongo, wala mtaala wa Tanzania katika Mishamo kwa kuwa ni wa Tanzania. Upungufu ni kumfunga mtoto katika njia moja, kana kwamba njia hiyo haiwezi kuzibwa. Mtoto wa kambini apaswa kujifunza kusoma na kuandika lugha ya mahali alipo pamoja na lugha ya mahali atazamiwapo. Na mtoto wa kijijini haipungukiwi heshima yake akijua kidogo lugha ya jirani. Vilevile cheti kipaswa kuvuka mpaka pamoja na mwenye nacho. Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, na Kongo tangu 2022. Mataifa yawezayo kupatana juu ya ushuru wa bidhaa hayakosi njia ya kupatana juu ya darasa la mtoto.

Wala tusidhani kwamba neno hili ni la wageni tu. Mtoto wa Kiha aingiapo darasa la kwanza akiwa amezoea Kiha, akakuta Kiswahili, na kisha aingiapo sekondari akakuta Kiingereza, yeye naye amevushwa mipaka miwili bila kutoka wilayani. Mwalimu hana ruhusa ya kubadili mtaala, wala si vema kila mmoja ajitungie wake. Lakini anao uwezo wa kumvusha mtoto kwa mkono, akimweleza neno asilolijua kwa lugha aliyonyonya, badala ya kumcheka. Mtaala uliotungwa mbali hupata uso wake kwa mwalimu aliye karibu.

Na wazazi je? Kwa kuwa mtaala hautungwi kijijini, wengi huona kwamba kazi yao yaisha kwenye matofali na mahindi ya uji. Sivyo. Mtunzi aliye mbali hajui lililompata kijana baada ya kumaliza shule. Wanaojua ni ninyi mnaomwona kila siku shambani, sokoni au njiani. Kamati ya shule na ikae, itaje mmoja mmoja vijana waliomaliza miaka mitano iliyopita, na kuuliza kila mmoja anatumia nini katika aliyofundishwa, na amekosa nini. Majibu hayo na yaandikwe kwa utaratibu, apelekewe afisa elimu wa wilaya ayafikishe juu. Anayekisia juu ya maisha ya watoto wetu astahili kuletewa habari za makisio yake ya zamani, yaliyofaa na yaliyokosa, kabla hajakisia tena.