Nani Mwenye Neno "Acha"?

Katika Mtaa wa Msimbazi, hapo Kariakoo jijini Dar es Salaam, kuna neno moja ambalo mtu hahitaji cheo wala kibali ili alitamke. Neno hilo ni "Mwizi!" Msukuma mkokoteni aweza kulitoa, mama ntilie aweza, hata mtoto auzaye maji ya chupa aweza, nalo likishatoka halimsubiri mwenyewe. Miguu hukimbia, mawe hupatikana, fimbo hupatikana, na siku iliyo mbaya zaidi hupatikana tairi na mafuta ya taa. Kesho yake magazeti huandika kwamba kijana asiyefahamika jina lake ameuawa na "wananchi wenye hasira kali". Sentensi hiyo tumeisoma mara nyingi hata haitushtui tena.

Swali ninalotaka tulitafakari, msomaji mpenzi, si lile tulilolizoea, la kwa nini watu huiba na kwa nini wengine huua. Langu ni dogo zaidi, na pengine ndiyo maana haliulizwi sana. Ikiwa kila mtu pale mtaani anayo haki ya kuanzisha, ni nani anayo haki ya kusimamisha? Nani mwenye neno "Acha"?

Mfano wa kutusaidia kulijibu nimeutoa mahali ambapo wapenzi wa ushairi hawapazoei: kiwanja cha shabaha, kwenye mashindano ya kulenga kwa bunduki za masafa marefu. Kwetu mchezo huo ni wa askari zaidi kuliko wa raia. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haimruhusu Mtanzania kumiliki bunduki bila leseni, na wengi wetu tutazikwa bila kupata kuishika. Hata hivyo hekima haina mlango mmoja, na mwenye kiu haulizi kisima ni cha nani.

Tuanze na neno lenyewe. "Shabaha", katika kamusi zetu za zamani, lina maana mbili: kile kinacholengwa, na mfano au sura ya kitu. Ndiyo maana sikio husikia udugu baina yake na "kushabihiana". Kwa mtu anayeishi kwa kufasiri, hilo si jambo la kupitwa. Shabaha ni kitu kinachoshabihi kitu kingine. Sahani ya chuma iliyosimamishwa mita 800 kutoka kwa mlengaji haina mama wala haitaliliwa na mtu. Lakini imesimama pale badala ya kitu, na kila mwenye akili anajua ni badala ya nini, kwa kuwa bunduki haikubuniwa kwa ajili ya chuma. Kwa hiyo haitoshi kusema kwamba mchezo huu hauna dhambi kwa sababu ni mchezo. Kama una uhalali, uhalali huo hauna budi kutoka katika namna unavyoendeshwa.

Nao huendeshwaje? Mashindano ya namna hii yamestawi sana Marekani, ambako mfululizo uitwao Precision Rifle Series ulianza mwaka 2012. Humo mlengaji halazwi kifudifudi mahali pamoja akapiga kwa raha yake. Huamriwa apige kutoka juu ya paa, au kwenye kipago cha ngazi, au nyuma ya gogo, dakika moja na nusu au mbili zikihesabiwa, na sahani zikiwa zimetawanyika, hii mita 300, ile mita 1,000 na kuzidi. Hana budi kuusoma upepo kama nahodha. Sisi watu wa pwani, tuliolelewa na kaskazi na kusi, hatuhitaji kufunzwa jambo hilo: upepo unaotikisa majani hapa ulipo si lazima uwe ndio uvumao nusu ya njia, wala ndio utakaoikuta risasi mwisho wa safari. Mlengaji hutazama nyasi, hutazama vumbi, hutazama sarabi inayochemka ndani ya darubini yake, kisha huamua.

Akishaamua, tendo humtoka mkononi. Risasi huchukua zaidi ya sekunde moja kufika mita 1,000. Mlio wa chuma kilichopigwa, kwa mwendo wa sauti wa mita 340 hivi kwa sekunde, huchukua karibu sekunde tatu nyingine kurudi. Baina ya tendo na habari ya tendo pana kimya, na ndani ya kimya hicho bingwa na mwanagenzi wako sawa: hakuna awezaye kurudisha kitu. Maji yakimwagika hayazoleki.

Kwa sababu hiyo kazi ya msimamizi wa shindano karibu yote hufanyika kabla ya risasi ya kwanza. Hukagua ardhi: tuta la udongo lililo nyuma ya kila sahani lina kimo gani, kijia cha wachungaji kinapita wapi, mtu akitokea ubavuni ataonekana na nani. Asubuhi ya shindano huwakusanya wote, walengaji, waandishi wa alama, vijana wapakao rangi sahani, wapishi na wageni, akawaeleza mambo ambayo anaomba yasitokee: tabibu ni nani, sanduku la dawa limewekwa wapi, gari la kubebea majeruhi ni lipi na dereva wake nani, hospitali iko njia gani. Mwisho huwatajia kanuni izishindayo nyingine zote. Mtu yeyote aliyepo kiwanjani, akiona hatari, anayo haki ya kupaaza sauti aseme "Acha!", na mlengaji aliyesikia hana ruhusa ya kuuliza kwa nini. Huondoa kidole, huifungua bunduki, huitoa risasi, hujitenga nayo na kusubiri. Maswali ni baadaye.

Naomba tuipime kanuni hiyo kwa mizani ya michezo tuijuayo. Katika soka, ambayo Msimbazi ni kitovu chake kwa kuwa ndipo ilipo klabu ya Simba, filimbi ni ya mtu mmoja. Mashabiki 50,000 waweza kupiga kelele hadi wapoteze sauti, na mchezo ukaendelea. Wala hatuoni ubaya, kwa kuwa la kupotea pale ni bao tu. Penye bunduki filimbi imegawiwa watu wote, na hilo ni jambo la ajabu ukilifikiri: mpishi aliyekuja kuuza chai anaweza kumsimamisha bingwa wa taifa katikati ya pumzi yake, na bingwa akatii kama mtoto.

Historia ya mchezo huo ina kisa kinachofaa hapa. Tarehe 2 Julai 1860, huko Wimbledon karibu na London, chama cha walengaji wa Uingereza kilifungua mkutano wake wa kwanza, na risasi ya kwanza ilipigwa na Malkia Victoria. Bunduki ilikuwa imekwisha kufungwa imara juu ya kiegemeo na mafundi, imekwisha kulengwa umbali wa yadi 400. Malkia alivuta uzi tu, na risasi ikaangukia karibu kabisa na katikati ya shabaha. Makofi yakapigwa, na sifa ya kulenga ikamwendea asiyelenga. Hivyo ndivyo dunia ilivyozoea: heshima ya kuanzisha huhifadhiwa wakubwa. Kilichokuja kuwa kanuni viwanjani, kwamba haki ya kusimamisha ni ya kila mtu, kimekwenda kinyume na mazoea hayo.

Kariakoo yenyewe inajua uchungu wa kukosa haki hiyo. Jina lake ni masalia ya jina la kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, waliowekwa hapo na Waingereza baada ya kuutwaa mji mwaka 1916. Wapagazi walibeba unga, dawa na masanduku ya risasi katika vita ambavyo havikuwa vyao, wakafa zaidi ya 40,000, wengi wao kwa maradhi na njaa. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa katikati ya mji mwaka 1927 imeshika bunduki. Maandishi yaliyo chini yake yanawataja na wapagazi, lakini shaba ilimpewa aliyepiga, na aliyebeba akapata maneno. Katika masanduku yale yote waliyoyabeba kichwani, hapakuwa na hata moja lenye neno "Acha" walilopewa walitumie.

Sasa turudi mtaani penye ukelele wa "Mwizi!" Tofauti ya kwanza baina ya umati na kiwanja cha shabaha ni kwamba kiwanjani kila risasi ina mwenyewe. Mlengaji huitwa kwa jina, mwandishi huandika, na kosa likitokea halina pa kujificha. Katika umati jiwe halina jina. Aliyerupa la kwanza husema hakuua, wa mwisho husema alimkuta amekwisha kufa, na walio katikati husema walikuwa wengi. Wote wamesimama hatua tatu kutoka kwa yule kijana, lakini mioyo yao iko mita 1,000. Ndiyo hayo masafa marefu yaliyo ya kutisha kuliko ya bunduki yoyote. Kijana amekwisha kuwa shabaha, kitu kinachoshabihi: anashabihi kila simu iliyowahi kuporwa, kila mfuko uliowahi kuchanwa, kila hasara ambayo mwenyewe hakulipwa. Wanampiga yeye kwa niaba ya sura ile.

Tofauti ya pili ndiyo kubwa zaidi. Kiwanjani, mwenye kusema "Acha!" hulindwa na kanuni. Mtaani, mwenye kusema "Acheni!" huulizwa, "Kumbe na wewe ni mwenzake?" Mara mbili tatu akiulizwa hivyo, mtu mwema hujifunza kufunga duka lake mapema. Tumezoea kulaumu woga wa watu wema, na mimi naona lawama hiyo haijatimia. Aliyeogopa ni mtu mmoja. Lakini waliomwacha bila kanuni ya kumkinga ni sisi sote. Ushujaa ni kitu adhimu, ila mji hauwezi kukaa ukisubiri siku zote atokee shujaa. Kiwanja cha shabaha hakisubiri. Kimefanya kusimamisha kuwa jambo la kawaida, ambalo hata mwoga anaweza kulifanya na jioni akanywa chai yake kwa amani.

Najua hoja mbili zitaletwa. Ya kwanza, kwamba ukimpa kila mtu haki ya kusimamisha, wajinga na wakorofi wataitumia vibaya. Ni kweli inaweza kutokea. Lakini tazama hesabu yake. Mlengaji aliyesimamishwa pasipo kosa lake hupewa nafasi ya kurudia. Kilichopotea ni dakika chache na hasira kidogo. Ambaye hakusimamishwa palipokuwa na hatari, hana pa kurudia. Vivyo hivyo mtaani: mwizi aliyeokolewa kutoka kwa umati bado yupo, aweza kufikishwa kituoni na kushtakiwa. Aliyekufa, kisha ikabainika kwamba simu iliyotafutwa ilikuwa imesahauliwa kaunta, hakuna mahakama itakayompa nafasi ya pili.

Hoja ya pili ni nzito, nami siidharau. Watu husema: tunawapeleka wezi penye sheria, na kesho tunakutana nao sokoni wakitucheka. Mchuuzi aliyeporwa mtaji wa mwaka mzima ana haki ya kuuliza subira yake italipwa na nani. Simwambii asikasirike. Namwambia tu kwamba sheria inayolegea hurekebishwa kwa kukazwa, na kwamba umati haujapata kuikaza sheria popote. Kila unapoua hujifunza tu kwamba hauulizwi. Na asiyeulizwa leo kwa ajili ya mwizi, kesho haulizwi kwa ajili ya mdeni, au mgeni, au kikongwe mwenye macho mekundu. Hayo ya vikongwe nchi yetu imeyaona, hatuhitaji kuyatolea mfano wa mbali.

Basi nani mwenye neno "Acha"? Jibu la kiwanja cha shabaha ni kwamba neno hilo ni la kila mtu au si la mtu yeyote. Likiwa la wakubwa peke yao litafika limechelewa, kwa sababu wakubwa hawapo hatari inapozaliwa. Jibu hilo lina sharti lake. Haki ya kusimamisha haigawiwi wakati wa hasira. Hugawiwa asubuhi, watu wakiwa wametulia, mbele ya wote, kila mtu akimsikia mwenziwe akiikubali. Wafanyabiashara wa Kariakoo wana viongozi wao, wachuuzi wana wao, wasukuma mikokoteni wana wao, na misikiti na makanisa hayako mbali. Hakuna kinachowazuia kukubaliana, siku ya amani, kwamba mtaani kwao mtu yeyote akisema "Acheni!" mikono itashuka kwanza na maswali yatafuata, na kwamba atakayemwita msemaji huyo mwenzake mwizi ndiye atakayekuwa amevunja kanuni ya mtaa.

Sisi wa kalamu nasi tuna sehemu yetu. Sikio la Mswahili limeziweka karibu sauti za "kulenga" na "malenga", kana kwamba mtunzi naye ni mtu wa shabaha, na neno lake nalo halirudi likishatoka. Tumetunga sana juu ya ushujaa wa wanaoanza: wa kwanza kusimama, wa kwanza kurusha, wa kwanza kufa. Yule aliyesimamisha, ambaye baada ya kusema neno lake hakuna kilichotokea, hana utenzi. Ni vigumu kumsifu, kwa kuwa kazi yake ikifanikiwa haibakishi kisa cha kusimulia. Panabaki kijana mmoja anayevuja damu puani, yu hai, anapelekwa kituoni, na mtaa unaorudi kwenye biashara yake. Huyo naye anastahili beti zake.