Umeshakunywa? Usiyavuruge Maji

Somo: Ezekieli 34:17-19, Mwanzo 26:15-25

Katika Ezekieli 34 Mungu anawakemea kondoo wanono. Kosa lao si kunywa. Walikunywa maji safi wakashiba, kisha yaliyobaki wakayavuruga kwa miguu, wanyonge wakaachiwa tope. Mungu hakuliona hilo kuwa jambo dogo.

Wacha niwapeleke Marekani kidogo, katika mji mdogo wa Dryden, jimbo la New York. Chini ya ardhi ya huko kuna mwamba wenye gesi. Ili kuitoa, kampuni huchimba kwenda chini sana, halafu husukuma maji mengi yaliyochanganywa na mchanga na kemikali, kwa nguvu, mpaka mwamba upasuke. Sehemu ya maji hayo hurudi juu na chumvi na kemikali zake. Yakimwagika, au bomba likivuja, nani atakunywa? Si mwenye kampuni. Ni mama mwenye kisima pale nyumbani.

Watu wa Dryden walikusanya saini, wakajaa mikutanoni, na Agosti 2011 baraza la mji likaamua kwamba uchimbaji huo hauruhusiwi katika ardhi yao. Kampuni ikawashtaki, ikidai mambo ya gesi ni ya jimbo peke yake. Kesi ikapanda mahakama moja hadi nyingine. Tarehe 30 Juni 2014, mahakama ya juu kabisa ya jimbo, majaji 5 dhidi ya 2, ikasema mji una haki ya kuamua ardhi yake itumikeje.

Lakini sitawadanganya: si kila mji ulishinda. Kule Denton, Texas, wananchi waliupiga marufuku kwa kura Novemba 2014. Mei 2015 jimbo likaleta sheria iliyowanyang'anya uwezo huo. Kisima kikafukiwa.

Isaka aliyajua hayo. Wafilisti walifukia visima vya baba yake. Akachimba Eseki, wakamgombania. Akachimba Sitna, wakamgombania tena. Hakuokota mawe, wala hakukaa chini kulia. Aliendelea mpaka Rehobothi, Bwana akampa nafasi.

Sasa tuje kwetu. Katiba yetu, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya maji safi na salama, na huduma za maji ziko mikononi mwa kaunti. Kaunti ikiita wananchi watoe maoni, sisi tuliookoka tuko wapi? Mkesha wa Ijumaa tunajaa. Kikao cha wadi tunasema ni mambo ya dunia. Kwani maji tunayobatiziwa yanatoka wapi?

Soma mstari wa 25. Isaka alijenga madhabahu, akaliitia jina la Bwana, na papo hapo watumishi wake wakachimba kisima. Madhabahu na kisima, mahali pamoja! Mwambie jirani yako: omba, halafu uende kikaoni.

Na kabla hujanyooshea kampuni kidole, jiulize: choo chako kiko umbali gani na kisima cha jirani? Mafuta ya gari lako unayamwaga wapi? Kondoo mnono anaweza kuwa mimi, anaweza kuwa wewe.

Bwana atupe moyo wa kunywa na kuwaachia wengine maji safi. Amina.