Je, kura ya jirani inatuhusu?

 

Tarehe 15 Januari 2026, siku ya uchaguzi wa Uganda, sisi tulibaki nyumbani. Majirani zetu walikwenda uwanjani, wakapanga mstari, kila mmoja akapewa karatasi tatu: ya rais, ya mbunge wa jimbo lake, na ya mbunge mwanamke wa Kampala. Siku chache baadaye mama mmoja wa kanisa letu alituuliza: "Pasta, hawa wabunge wanatuhusu nini? Hatukuwachagua, na wao hawatujui. Kwa nini tunawaombea kila Jumapili?"

Hatukumjibu haraka. Swali lake ni la kweli, na tunajua wengi wenu mnalo moyoni.

Kwanza tuelewe kazi yenyewe. Makindye ina majimbo mawili, Mashariki na Magharibi. Kila jimbo linapeleka mbunge mmoja, na anayepata kura nyingi kuliko wenzake ndiye anayekwenda. Kila wilaya, pamoja na jiji la Kampala, inapeleka pia mbunge mwanamke. Tena wako wanaowakilisha jeshi, vijana, wafanyakazi, wenye ulemavu na wazee. Wote wanakaa miaka 5. Wanatunga sheria, wanapitisha bajeti, na wanawauliza mawaziri habari za kazi yao. Mswada unasomwa mara ya kwanza, unapelekwa kwenye kamati, unarudi kujadiliwa kifungu kwa kifungu, unasomwa mara ya tatu, ndipo rais anautia sahihi.

Sasa mama yetu asikie. Mwaka 2006 Bunge hilo lilipitisha Sheria ya Wakimbizi. Iliondoa ile ya mwaka 1960, ya zamani za Waingereza, iliyotaka mkimbizi akae pale alipopangiwa. Sheria mpya ilimpa mkimbizi ruhusa ya kutafuta kazi na kutembea katika nchi, na mtoto wake asome shule ya msingi kama mtoto wa mwenyeji. Ndiyo maana tunaweza kupanga chumba Makindye. Ndiyo maana mama anaweza kutembeza vitenge Katwe, na watoto wetu wanakaa darasani na watoto wa Waganda.

Nani aliwatuma wabunge wale? Ni wakulima, wachuuzi na watu wa bodaboda ambao hawakujua majina yetu. Hakuna mkimbizi aliyepiga kura hata moja. Basi kura ya jirani ilituhusu. Mkono wake ulitia karatasi katika sanduku, na sisi tukapata mahali pa kulala.

Sheria hiyo hiyo inatukataza kuingia katika siasa ya nchi hii, tangu kijijini mpaka taifani. Kwa hiyo tunawaonya kwa upendo: tusivae fulana za vyama, tusiende kwenye mikutano yao, hata tukiahidiwa hela.

Sasa tujitazame wenyewe. Mwaka huo huo wa 2006, tarehe 30 Julai, kwetu Kongo tulipiga kura yenye vyama vingi baada ya zaidi ya miaka 40. Wagombea zaidi ya 9,000 walitafuta viti 500 vya Bunge la Taifa. Tulifurahi sana. Lakini tuseme ukweli mbele za Mungu. Wangapi kati yetu tulimchagua depite kwa sababu ya fulana, kilo ya chumvi au chupa ya bia? Wangapi tulimchagua kwa sababu ni wa kabila letu tu? Tulisema, "Kura ni yangu, nifanye ninavyotaka." Lakini Katiba yetu, kifungu cha 101, inasema depite anawakilisha taifa. Basi anayemchagua anawachagulia na wengine.

Mtu atasema: "Pasta, mwenye njaa afanye nini? Chumvi ya leo ni afadhali kuliko depite atakayetusahau." Hatudharau njaa, maana nasi tumelala nayo. Lakini chumvi inakwisha kwa juma moja, na depite anakaa miaka 5. Tena aliyekununua amekwisha kulipa. Ukienda kumwomba barabara au ulinzi, hana deni kwako. Mwingine atasema kura zinaibiwa. Ndiyo, wizi huo upo, na mwizi atajibu mbele za Mungu. Lakini sisi tutaulizwa habari ya ile tuliyoiuza.

Tazameni lililotokea tarehe 20 Desemba 2023. Wakongo walichagua tena, lakini Masisi na Rutshuru hawakuchagua kwa sababu ya vita. Wakongo wa nje walipiga kura katika nchi tano tu: Afrika Kusini, Ubelgiji, Ufaransa, Marekani na Kanada. Sisi wa Uganda hatukuwemo. Basi yule mama wa Masisi aliyelala chini ya hema, nani angemsemea bungeni? Ni depite aliyechaguliwa na watu wa mahali pengine. Kama mtu wa mahali pengine aliuza kura yake, aliuza na kinywa cha mama yule.

Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya kwanza, Musa aliwaambia watu wachague wenyewe watu wenye hekima na wanaojulikana. Kisha akawaagiza viongozi hao waamue kwa haki kati ya mtu na ndugu yake, na pia mgeni anayekaa naye. Mgeni yule hakuchagua mtu, lakini Mungu alimweka ndani ya kazi ya waliochaguliwa.

Hilo ndilo jibu letu kwa mama. Tunawaombea wabunge wa nchi hii kwa sababu tunakaa chini ya kivuli cha mti ambao hatukuupanda. Na siku Mungu atakapoturudisha nyumbani, au tukipelekwa nchi ya tatu na kuwa raia huko, tutapewa karatasi ya kura mkononi. Siku hiyo tumkumbuke mgeni anayekaa mlango wa pili, asiye na karatasi. Tumchagulie naye.