Je, Dharura Humwondolea Mtawala Dhima Yake?

 

Ndugu mmoja katika darasa letu la hapa Liwatoni alituuliza suala, nasi tukamwomba muhula tulifikiri, kwa kuwa jawabu lake si jepesi. Alisema: "Mwaka wa 2020, wakati wa maradhi ya korona, serikali ilipopiga marufuku watu kutoka usiku, mimi nilitoka. Nilikuwa sina chakula cha watoto. Je, nilimuasi Mwenyezi Mungu, au niliiasi serikali tu? Na yule aliyenipiga rungu njiani alikuwa akitii nini?"

Huenda msomaji akasema: mambo hayo yamepita, ya nini kuyafukua? Twajibu kwamba mtu hulitengeza paa kiangazi, si wakati mvua imekwisha ingia chumbani. Sheria zilizotumiwa mwaka ule zimo vitabuni, na maradhi hayakutoa ahadi ya kutorudi. Julai 2024 kilitangazwa kisa cha kwanza cha mpox katika nchi yetu, huko Taveta, nasi mizani ya korona tulikuwa hatujaipima. Basi na tuipime leo, hali nyoyo zimetulia.

Kwanza twakumbushana yaliyopita. Kisa cha kwanza cha korona kilitangazwa Kenya Machi 13, 2020. Kisha amri zilifuatana: skuli na vyuo vya Qur'ani vikafungwa, misikiti ikafungwa, magari ya abiria kumi na wanne yakaamriwa yachukue wanane. Siku ya Ijumaa, Machi 27, ikaanza amri ya kutotoka nje tangu saa moja usiku hata saa kumi na moja alfajiri. Aprili 8 Mombasa, Kilifi na Kwale zikafungwa, hakuna kuingia wala kutoka. Mei 6, nasi tumo katika Ramadhani ya mwaka 1441, Mji wa Kale ukafungwa peke yake, sawa na Eastleigh ya Nairobi, na ukabaki hivyo hata mwanzo wa Juni. Idi ya mwaka ule tuliisali majumbani. Misikiti ilipofunguliwa Julai iliruhusiwa watu mia tu, kwa muda wa saa moja, na mwenye umri chini ya miaka 13 au zaidi ya 58 asiingie. Tuliona wazee waliosali safu ya mbele miaka arobaini wakibaki barazani, wakisikiliza ikama kwa mbali huku machozi yakiwatoka.

Jambo la kwanza tutakalolisema huenda likawachukiza baadhi ya ndugu zetu, lakini haki husemwa. Asili ya amri zile haikuwa dhulma, bali ilikuwa katika dini. Katika mwaka wa 18 wa Hijra, Sayyidna Umar bin al-Khattab, radhi za Mungu ziwe juu yake, alikuwa njiani kwenda Sham, akafika mahali paitwapo Sargh. Hapo akapata khabari ya tauni ya Amwas. Akataka shauri la Muhajirina, kisha la Ansari, kisha la wazee wa Kikureshi, na mwisho akaamua kurudi. Abu Ubaida akamkabili kwa suala lile lile tulilolisikia katika mabaraza yetu: je, wakimbia kadari ya Mungu? Umar akamfahamisha kwamba aikimbiaye kadari moja huikimbilia nyengine, na zote ni za Mungu, kama mchunga ngamia akutaye bonde lenye upande mkavu na upande wenye majani, popote achungapo huwa amechunga kwa kadari ya Mungu. Kisha Abdurrahman bin Auf akaja na hadithi aliyoisikia kwa Mtume mwenyewe, maana yake kwamba mkisikia tauni imeingia katika nchi msiiendee, na ikiwakuta mumo ndani yake msitoke kwa kuikimbia. Umar akamshukuru Mungu, akarudi.

Basi karantini si bidaa ya Wazungu. Sisi tulikuwa nayo kabla ya kufundishwa na mtu. Na wale wa kwetu waliosema kwamba korona haimpati mwenye udhu, au kwamba yatosha kombe na hirizi, au kwamba kungelizungushwa ng'ombe mjini kama walivyofanya wa zamani mambo yangelikwisha, hao hawakumtegemea Mungu. Walitegemea uvivu wao wakauvika kanzu ya tawakkul. Mwenye kumtegemea Mungu humfunga ngamia wake kisha akategemea. Wapo pia waliomficha mgonjwa, wakakusanya watu arusini kwa siri, wakarudi kumkumbatia bibi mzee nyumbani. Hao tunawauliza: ikiwa hamkuiogopa serikali, je, hamkumwogopa Mungu kwa roho ya bibi yenu?

Hili ndilo la kwanza. Ama la pili ni lile ambalo wengi wetu tuliokuwa tukisema na watu tulilinyamazia. Amri ikiwa njema katika asili yake, je, yule mwenye kuamrisha huwa ameondokewa na dhima? Hasha. Dhima yake ndiyo kwanza huongezeka. Mtu aliyenikataza kazi yangu amejitwika chakula changu. Aliyenifungia mlango ameuchukua ufunguo, na mwenye ufunguo ndiye aulizwaye.

Wanavyuoni wetu wameweka kanuni kwamba matendo ya mtawala juu ya raia hufungamana na maslaha ya raia hao. Pia wamesema kwamba dharura hukadiriwa kwa kadiri yake. Aliyehalalishiwa nyamafu kwa njaa huhalalishiwa tonge la kumwokoa, hahalalishiwi karamu. Kwa hivyo twaona amri ya dharura ina masharti matatu.

Sharti la kwanza ni kuwa yawezekana kutiiwa. Waarabu husema: ukitaka kutiiwa, amrisha liwezekanalo. Sasa tazameni lililotokea Likoni jioni ile ya Machi 27. Kila mwenyeji ajua kwamba kivuko kile huvusha watu wapatao laki tatu kila siku, na kwamba mtu wa ng'ambo wakati ule hakuwa na njia nyengine ya kurudi kwake kwa miguu. Watu walitolewa makazini kwa wakati mmoja, wakamiminika kivukoni kwa wakati mmoja, na feri ni zile zile. Saa haijafika, askari wakawapiga kwa marungu na mabomu ya machozi. Amri iliyotungwa ili watu wasisongamane ikawasonga, kisha wakapigwa kwa kusongamana! Hawa hawakuwa waasi. Walikuwa wakienda nyumbani, na kwenda nyumbani ndiko walikoamriwa.

Sharti la pili ni kuwa amri isipite kadiri yake, wala wakati wake. Katika Katiba ya mwaka 2010 hali ya hatari ikitangazwa haipiti siku kumi na nne ila Bunge lirefushe. Lakini mwaka 2020 hali hiyo haikutangazwa. Zilitumiwa sheria za kawaida, ya Usalama wa Umma na ya Afya ya Umma, na marufuku ya usiku ikadumu hata Oktoba 20, 2021, karibu miezi kumi na tisa. Hatusemi kwamba kila siku katika hizo haikuwa na haja. Twasema kwamba jambo lililoingia kwa jina la dharura lastahili kuulizwa kila mwezi: je, bado u dharura? Na mwenye haki ya kuuliza ni raia.

Sharti la tatu ni kuwa mwenye kuamrisha ashiriki katika taabu na atoe badali. Katika mwaka wa Ramada, njaa ilipoikumba Madina, Sayyidna Umar alijinyima samli na nyama mpaka rangi yake ikageuka, na akaandika Misri na Sham kutaka chakula cha watu. Na imepokewa kwamba katika mwaka huo hakumkata mkono aliyeiba kwa njaa. Tazameni fikihi ya mtu huyu. Hakusema kwamba wizi umekuwa halali. Aliona kwamba dola isiyomshibisha mtu haina uso wa kumwadhibu kwa njaa yake.

Ni haki pia tuyataje mema. Aprili 16, 2020, Jaji Weldon Korir wa Mahakama Kuu, katika kesi iliyoletwa na Chama cha Mawakili, alihukumu kwamba marufuku ya usiku ni halali, lakini nguvu zilizotumiwa na polisi bila ya kiasi zimevunja Katiba. Aliweka amri upande mmoja na dhulma upande mwengine, asiliache la kwanza kwa sababu ya la pili, wala asilisamehe la pili kwa sababu ya la kwanza. Na hapa hapa mtaani kwetu likajengwa daraja la kuelea, kutoka Liwatoni kwenda Ras Bofu, zaidi ya mita mia nane juu ya maji, lenye kipande kifungukacho kupisha meli. Watu walianza kulipita Januari 1, 2021, ili msongamano wa feri upungue. Wengine walililaumu kwa umbali wake, khasa wazee na wenye mizigo, na lawama hiyo ina haki. Lakini fikra yake ndiyo tuitakayo: ukimwambia mtu asisongamane, mpe njia. Masikitiko yetu ni kwamba rungu lilifika Machi na njia ikafika Januari.

Sasa twarudi kwa ndugu yetu aliyeuliza. Twamjibu hivi, na Mungu ndiye Mjuzi zaidi. Ikiwa ulitoka kwa sababu ulichoka kukaa ndani, au kwa kuwa askari ni dhalimu basi nawe huitii amri yake, ulikosa. Kwani deni la kukaa nyumbani hukuwa ukimlipa askari. Ulikuwa ukimlipa jirani yako, ambaye pengine kifua chake ni dhaifu, na dhulma ya askari haikuhalalishii roho ya jirani. Lakini ikiwa ulitoka kwa njaa ya watoto, na hukuwa na pengine pa kupata, ukajihadhari usimdhuru mtu, basi hatuoni dhambi juu yako. Dhambi, kama ipo, itafutwe kwa aliyekuwa na uwezo wa kukulisha akakuacha. Na aliyekupiga, ikiwa hukumshambulia wala hukumkimbia, hakuwa akitii sheria wala dini. Alitii hasira yake, na utakuwa khasimu yake Siku ya Kiyama.

Tena tusikimbilie kusema "serikali, serikali". Aliyekuwa na uwezo wa kukulisha si serikali peke yake. Mji wa Kale ulipofungwa, wapo waliobeba magunia ya mchele na unga mlango kwa mlango, Mungu awalipe. Lakini wapo pia waliokuwa na akiba na duka limejaa, wakapandisha bei ya ndimu na tangawizi kwa kuwa watu walidhani ni dawa. Zaka za Ramadhani ile zilitolewa kwa desturi ile ile, shilingi kidogo mkononi mwa kila apitaye, nasi twajua kwamba nyumba nyingi za mafundi na wachukuzi hazina mtu awezaye kupita mlangoni kwa watu kunyosha mkono.

Na sisi tunaosema nanyi twakiri letu. Katika siku zile tulihimiza utiifu kwa ulimi mrefu, na hayo yalikuwa haki. Lakini jioni ya Likoni tuliijua usiku ule ule, na katika maneno yetu ya wiki zilizofuata hatukuitaja. Tulijiambia kwamba si wakati wake, kwamba tukilaumu askari watu wataacha tahadhari. Leo twaona tulikosea. Watu walitusikia tukiamrisha mema kwa wanyonge na tukinyamaza juu ya maovu ya wenye nguvu, wakatuhisabu pamoja na wenye rungu. Baadaye tulipowaambia kuhusu barakoa na chanjo, nusu yao walikuwa wamekwisha kuacha kutusikiliza. Nasiha iliyokatwa nusu haiiachi nusu iliyobaki ikafaa.

Kwa hivyo twausia mambo matatu. Kila mtaa uandike tangu leo majina ya wazee, wajane, wagonjwa na wenye riziki ya siku kwa siku, ili ikija dharura zaka na sadaka ziwafikie bila ya wao kuomba. Watu wetu, Bunge la taifa au la kaunti likitangaza mswada na kutaka maoni ya raia, waende watoe maoni, wasingojee kulalamika barazani baada ya sheria kupita. Na maulamaa wakihimiza utiifu katika khutba, katika khutba hiyo hiyo wamkumbushe mtawala dhima yake.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliokufa katika maradhi yale, awape subira waliowazika bila ya kuwaaga, na atujaalie sisi na watawala wetu katika wale wanaosikia maneno wakafuata yaliyo mema zaidi. Amin.