Maskini Aliye Mavumbini

 

Enyi ndugu zangu Waislamu! Katika Sura ya Al-Balad Mola wetu ametutajia njia nzito ya mlimani ambayo wengi hawathubutu kuipanda. Kisha akatubainishia kuwa kuipanda ni kumkomboa mtumwa, na kumlisha, siku ya njaa, yatima aliye jamaa au maskini aliye mavumbini. Ibn Abbas amefasiri kuwa maskini huyu ni yule aliyetupwa njiani, asiye na nyumba ya kumkinga na vumbi. Basi mtu asiye na makazi si jambo jipya. Qur'ani imekwisha kumtaja.

Hesabu ya Serikali ya mwaka 2018 ilipata watu 46,639 waishio mitaani katika Kenya, na 7,529 katika hao ni wa Mombasa. Hulala barazani mwa maduka, na wengine huja milangoni mwa misikiti yetu. Nasi twawapa nini? Twawapa shilingi siku ya Ijumaa, na Jumamosi twawakuta pale pale. Na akija mmoja wao kutaka msaada ulio mkubwa zaidi, twamwambia: "Acha ulevi kwanza, safisha nguo zako, tafuta kazi, ndipo tutakapokutazama." Maana yake twamtaka mgonjwa apone kwanza, kisha ndipo tumpe dawa! Ni nani aliyeweza kutafuta kazi hali hana pa kuoga wala pa kuweka shati lake? Na ni nani aliyeacha ulevi naye hulala kwa hofu, jicho moja wazi?

Tusione haya kutazama waliyoyafanya wengine, kwani hekima ni mali ya Muumini popote aionapo. Katika mji wa New York, mwaka 1992, Sam Tsemberis, mtaalamu wa elimu ya nafsi, aliasisi jumuiya iitwayo Pathways to Housing. Kabla yake, desturi ilikuwa kumpandisha mtu kama ngazi: kwanza bweni la wasio na makazi, kisha matibabu, kisha kuacha ulevi, na nyumba mwisho. Aliyeteleza alirudishwa chini. Jumuiya hii ikaigeuza ngazi hiyo. Iliwachukua wenye maradhi ya akili, na wengi wao ni walevi pia, ikawapa kwanza nyumba za kupanga za kawaida, kati ya majirani wa kawaida, na ufunguo mkononi. Mpangaji alitakiwa atoe asilimia 30 ya pato lake kuwa kodi, na akubali kutembelewa. Matibabu yalimfuata nyumbani kwake, wala hakufukuzwa kwa kuyakataa.

Watu walidhani nyumba hizo zitaharibiwa na kuachwa. Lakini uchunguzi uliotangazwa mwaka 2000 ulionyesha kuwa baada ya miaka mitano, 88 katika kila 100 walikuwa wangali na makazi. Na katika wale waliopitishwa njia ya ngazi, 47 tu. Ufini nayo, tangu mwaka 2008, imeifanya njia hiyo kuwa siasa ya Serikali.

Ama sisi, jambo hili lilikuwa kwetu tangu zamani. Katika Msikiti wa Mtume (S.A.W.) huko Madina palikuwa na kivuli kiitwacho Suffa, makazi ya mafakiri wasio na nyumba wala jamaa, na Abu Huraira alikuwa mmoja wao. Bwana Mtume akiletewa sadaka huwapelekea wao, na akiletewa zawadi hushiriki pamoja nao. Hawakuambiwa wajitengeneze kwanza ndipo waingie. Waliingia, wakala, wakasoma, na katika wao wakatoka wapokezi wa Hadithi.

Pengine mtu atasema: "Je, tumlee mlevi katika uharamu wake?" La, hasha! Ulevi ni haramu, na nasaha ni wajibu. Lakini nasaha ina mahali pake, na mahali pake si mtaroni. Aliyepewa mlango wa kufunga usiku huweza kusikia asubuhi. Na Mwenyezi Mungu ametukataza kuibatilisha sadaka kwa masimango na maudhi. Basi tusimpe mtu chumba kwa mkono mmoja na kumvunjia heshima kwa mkono wa pili.

Ndugu zangu, mafakiri na maskini ndio wa kwanza katika aya ya wenye kustahiki Zaka, na msafiri aliyekatikiwa naye yumo. Kila mtaa una Waislamu watoao Zaka yao kwa noti ndogo ndogo, ikatawanyika isijulikane imemtoa nani katika dhiki. Na wakusanyike watu kumi, wapange chumba kimoja kwa mwaka mmoja, wamweke mtu mmoja, na kila juma wawili wao wamwendee: wamjulie hali, wampeleke hospitali, wamsaidie kupata kitambulisho na kazi. Akiteleza, wasimtoe. Mwaka wa pili na wachukue mwengine.

Hiyo ndiyo njia ya mlimani, nayo hupandwa hatua kwa hatua. Mwenyezi Mungu atuwafikishe kuipanda, na atujaalie sisi na wao makazi ya kudumu katika Pepo yake. Amin.