Je, Tuandike kwa Kalamu ya Wizi?

Kijana anayeanza kutumia kompyuta abaki na Windows kama wenzake wote, au ahamie Linux? Swali hili limezunguka sana katika vijiwe vyetu vya uandishi, na wengi hulichukulia kuwa ni la mafundi. Watu hukaa wakabishana hadi usiku: ipi ina kasi, ipi haishiki virusi, ipi inacheza gemu. Mimi si fundi. Nimemaliza kidato cha nne, sina cheti cha kompyuta, na mali yangu kubwa ni riwaya iliyofika sura ya kumi na moja. Lakini naona sisi tunaotaka kuwa waandishi tuna sababu yetu wenyewe ya kulitazama swali hili, na sababu hiyo ni ya maadili kuliko ya ufundi. Hebu, ndugu msomaji, tulichambue taratibu.

Kwanza tuelewane maana. Kompyuta bila mfumo endeshi ni bati na waya tu. Mfumo ndio unaoiamsha mashine, ukapokea unachoandika, ukakihifadhi na kukipeleka kwenye printa. Windows ni mfumo wa kampuni ya Microsoft ya Marekani, na toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1985. Unapoinunua unauziwa ruhusa ya kuitumia kwa masharti ya mwenye mali. Kuifungua uone ilivyoundwa, au kumgawia jirani nakala, huruhusiwi.

Linux ina historia nyingine. Mwaka 1983 Mmarekani mmoja, Richard Stallman, alitangaza mradi wa GNU, wenye nia ya kuunda mfumo ambao kila mtu atakuwa huru kuutumia, kuuchunguza, kuurekebisha na kuwagawia wengine. Kisha mwaka 1991 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, kijana wa miaka 21 aitwaye Linus Torvalds, akatangaza kiini cha mfumo alichokuwa akikiandika. Miaka 21, jamani! Umri wa wengi wetu hapa. Kazi hizo mbili zikaungana, na watu wengi wa nchi nyingi wakachangia mpaka leo. Hata simu za Android zinaendeshwa na kiini hicho cha Linux. Kwa hiyo anayesema Linux haijui kabisa, huenda anasema hivyo huku ameishika mkononi.

Sasa tuje mjini kwetu. Kijana amedunduliza, amepata kompyuta mpakato ya mtumba iliyotumika Ulaya miaka saba au minane. Anaipeleka kwa fundi. Fundi anamwambia, "Mdogo wangu, usijali. Windows nakuwekea, na Word, na Excel, na ya kuzuia virusi juu. Nipe elfu kumi tu." Kijana anafurahi. Anatoka na mashine inayowaka, na hakuna aliyemwambia kwamba alichowekewa ni mali ya mtu iliyovunjwa kufuli. Kwa lugha ya mtaani, imechakachuliwa.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Sisi waandishi wachanga tuna kilio kimoja kikubwa: kazi zetu zinaibwa. Mtu anatoa riwaya kwa jasho lake, kesho yake imetolewa fotokopi, au inazunguka kwenye simu bila senti kumrudia. Tunalalamika katika kila mkutano, na tuna haki ya kulalamika. Lakini malalamiko hayo tunayachapa kwa kutumia nini? Mara nyingi kwa Word ya elfu kumi. Tunalilia haki ya mwandishi kwa kalamu ya wizi!

Wala ulinganisho huu sikuutunga mimi. Sheria ya Hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 inaziweka programu za kompyuta pamoja na vitabu na maandishi mengine. Mkataba wa kimataifa wa TRIPS, wa mwaka 1994, nao unataka programu zilindwe kama kazi za maandishi. Yaani mbele ya sheria, aliyeandika programu na aliyeandika riwaya ni ndugu wa chumba kimoja. Ukimwibia mmoja, utamtazamaje mwenzake usoni?

Najua utanijibu nini, maana nimejibiwa hivyo mara nyingi. "Acha hizo, kaka. Microsoft ni matajiri wa kutupwa. Mwandishi wa kwetu ni maskini. Utalinganishaje?" Hoja hii ina uzito na sitaki kuipuuza. Bei ya Windows 11 ya nyumbani iliyotangazwa na kampuni yenyewe ni dola 139. Kwa kijana wa uswahilini hiyo ni kodi ya chumba ya miezi kadhaa. Kumwambia mtu wa namna hiyo "nunua au uache kuandika" ni kumfungia mlango, na mlango ukifungwa mtu hupita dirishani.

Lakini tuifuate hoja hiyo mpaka mwisho wake. Kama ruhusa ya kuchukua inatokana na utajiri wa anayechukuliwa, nani atapima utajiri huo? Mwanafunzi asiye na nauli anamwona mwandishi mwenye jina juu ya jalada kuwa tajiri. Anasema, "Huyu ana kitabu dukani, fotokopi yangu moja itampunguzia nini?" Ni maneno yaleyale tuliyoyasema sisi juu ya Microsoft, yameshuka ngazi chache tu. Sheria ya namna hii haina sakafu. Kila mtu anamwona aliye juu yake kuwa halali ya kuchukuliwa.

Halafu kuna jambo la pili. Mtu akiwa na njaa na hakuna chakula cha halali popote, wenye hekima watajadili kama kosa lake ni kosa. Lakini kama pembeni yake kuna sinia limewekwa na mwenyewe kasema "karibuni, kuleni, na mbebe mwapelekee wengine", hoja ya njaa inakufa. Linux ndiyo sinia hilo. Inapatikana bure, na kumgawia rafiki nakala ni jambo ambalo leseni yenyewe inaliruhusu. Programu ya kuandikia, LibreOffice, nayo ni bure, na haikulazimishi kuhama: inafanya kazi hata juu ya Windows. Maadamu sinia lipo, hatuwezi tena kusema tulilazimishwa.

Wakati nao unasukuma. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisimamisha huduma ya kawaida ya Windows 10. Waliojiandikisha kwa masharti maalumu waliongezewa mwaka mmoja, mpaka Oktoba 2026. Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, inataka mashine mpya zaidi. Kompyuta nyingi zenye prosesa za kabla ya 2017 hazikubaliki. Ile mtumba ya kijana wetu, basi, imeambiwa imezeeka. Skrini inawaka, baobonye zote zinabonyezeka, lakini mwenye mfumo amesema basi. Linux haimwambii hivyo. Toleo kama Linux Mint linaamka vizuri tu kwenye mashine za umri huo. Riwaya yangu naiandikia humo, kwenye kompyuta ambayo wengine wangeiita skrepa.

Hapo mtu mwingine ataniuliza: huo uhuru wa kuchunguza jinsi programu ilivyoandikwa unamsaidia nini mtu asiyejua hata kutengeneza folda? Swali zuri. Mimi mwenyewe sijui kusoma msimbo wa programu. Lakini hata mahakama sijui taratibu zake zote, na bado nafurahi kwamba kesi husikilizwa hadharani. Siendi kila siku; inatosha kwamba yupo anayeweza kwenda, akaona, akatoka na kusema. Uhuru ambao wewe huutumii bado unakulinda, kwa sababu jirani yako anautumia.

Na kwa mwandishi wa Kiswahili uhuru huo umewahi kuzaa matunda. Mwaka 2004 mradi ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Hawakuhitaji kumpigia mtu magoti, kwani leseni ilikuwa imeshawaruhusu. LibreOffice, iliyotokana na OpenOffice mwaka 2010, ina kamusi ya tahajia ya Kiswahili. Anayeandika kwa lugha yetu anaijua ile adha ya kuandika ukurasa mzima ukachafuka mistari myekundu, kana kwamba lugha ya bibi yako ni makosa matupu. Kamusi hiyo haijakamilika, ina maneno mengi isiyoyajua. Lakini ruhusa ya kuyaongeza unayo, ukawapa na wenzako.

Mpaka hapa utadhani nimeshamaliza: wote tuhamie Linux, kwaheri. La hasha. Upande wa pili una haki zake, na wapenzi wa Linux mara nyingi huzifunika.

Anayeanza kompyuta hajifunzi peke yake. Anajifunza kwa jirani, kwa dada wa stesheneri, kwa rafiki wa kazini. Wote hao wanajua Windows. Akikwama saa mbili usiku na printa haiongei, atamwita nani? Matangazo ya kazi yanataka mtu anayejua Word na Excel. Word kamili ya kusakinisha haijatengenezwa kwa ajili ya Linux. Mhariri atataka faili la Word, na lile la LibreOffice likifunguliwa stesheneri, wakati mwingine herufi zinabadilika na kurasa zinahama. Kwa mtu anayetafuta mkate, haya si mambo madogo.

Tena wapo wale mabingwa wetu wa Linux. Mgeni akiuliza swali, jibu ni kicheko: "Hata hilo hujui? Soma maelekezo." Huyo aliyemshawishi mwenzake ahame, halafu akamwacha na skrini nyeusi, amefanya wema gani? Amemtoa mtu kwenye nyumba ya kupanga yenye majirani, akampeleka kwenye nyumba yake mwenyewe katikati ya pori, kisha anamwimbia uhuru. Uhuru bila jirani ni upweke.

Kuna toleo la Linux lililoanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, nalo linaitwa Ubuntu. Kwa Kizulu na Kixhosa neno hilo ni utu. Mzizi wake ni uleule wa mtu na watu wa Kiswahili. Jina limechaguliwa vizuri, lakini jina ni deni. Utu hauwekwi kwenye kompyuta kwa fleshi. Unaletwa na mtu aliyekaa karibu nawe mpaka printa iongee.

Basi msimamo wangu ni huu. Kijana ambaye kompyuta yake ilikuja na Windows ya halali, bado inahudumiwa, na kazi yake inaihitaji, abaki nayo kwa amani. Hana dhambi yoyote, na asikubali kudharauliwa. Lakini yule ambaye njia yake ya kubaki Windows ni kufuli lililovunjwa, huyo ahame, hasa kama anataka siku moja aishi kwa kalamu yake. Nguo ya kuazima haisitiri matako, seuze ya kuiba. Mbali na maadili, programu iliyovunjwa kufuli hujui aliyeivunja ameacha nini ndani, na ndani yake ndimo unamoweka muswada wa miaka mitatu.

Na ahame kwa hatua. Aanze na LibreOffice akiwa palepale Windows, mpaka mkono uzoee. Anakili maandishi yake yote mahali pawili. Kisha aijaribu Linux kwa kuiwasha kutoka kwenye fleshi, bila kufuta chochote. Matoleo mengi yanaruhusu hivyo. Akiona printa na intaneti vinakubali, ndipo aiweke moja kwa moja. Faili la mhariri alihifadhi katika muundo wa Word, na la stesheneri alitoe katika PDF ili kurasa zisihame.

Sisi tuliotangulia nasi tuna sharti letu: usimwambie mtu ahame kama hauko tayari kwenda kwake Jumamosi. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kikundi cha waandishi wanne wanaotumia mfumo mmoja na kuitana wakikwama kitamfaa mgeni kuliko mihadhara mia ya uhuru. Katika kikundi chetu tumekubaliana hivyo: anayemhamisha mwenzake, ndiye fundi wake kwa miezi mitatu, bila malipo.

Itafika siku nitasimama mbele ya mtu mwenye fotokopi ya riwaya yangu mkononi, nimwambie, "Ndugu yangu, hii ni jasho langu, nilipe." Atanitazama, na huenda akaniuliza nami niliandikia nini. Nataka siku hiyo niwe na jibu.