Maumivu Aliyoyaita Uzee

Kuanzia 2001 hadi 2016, Bill Turnbull alikuwa mmoja wa watangazaji wa kipindi cha asubuhi cha BBC. Waingereza walimzoea kama jirani. Mtu wa kazi hiyo hakosi habari za afya; zinapita mezani kwake kila wiki.

Kwa muda mrefu miguu na nyonga zilikuwa zikimuuma. Akasema ni uzee tu. Akameza vidonge vya maumivu na kuendelea na shughuli zake. Novemba 2017, akiwa na miaka 61, aliambiwa ana saratani ya tezi dume na kwamba imeshafika kwenye mifupa. Mwaka uliofuata alieleza hadharani kwamba alijikasirikia, kwa sababu alikuwa hajaonana na daktari kwa miaka minne. Pengine, alisema, ingegunduliwa ikiwa bado ndani ya tezi, hali yake ingekuwa nafuu zaidi.

Ndugu zangu, tusimshangae. Ni mwanaume gani kati yetu asiyejua njia ya kwenda duka la dawa kuomba vidonge vya kiuno? Mimi na wewe tunaweza kuanguka hapo hapo alipoanguka yeye. Maumivu yale hayakuwa ya siku mbili tatu baada ya kubeba mzigo. Yalikaa, yakarudi, yakazoeleka. Kidonge kilituliza, na kule kutulia kukachukuliwa kuwa ni kupona. Maumivu ya mifupa yanayong'ang'ania kwa mtu aliyevuka miaka 50 yanahitaji daktari.

Kuna mtego mwingine. Wengi wetu tunasubiri mkojo utupe taarifa: kuamka mara kwa mara usiku, au mkojo kutoka kwa kukatika-katika. Mara nyingi hayo huletwa na tezi kutanuka kwa sababu ya umri, wala si saratani. Saratani yenyewe kwa kawaida huanzia sehemu ya nje ya tezi, mbali na njia ya mkojo, hivyo hukua kimya. Anayesubiri dalili anaweza kusubiri mpaka ifike mifupani.

Kinachouma zaidi ni kwamba mwaka huo huo wa 2017 Turnbull alipopewa majibu yake, madaktari wa London wakiongozwa na Hashim Ahmed na Mark Emberton walichapisha utafiti uitwao PROMIS. Wanaume 576 walipigwa picha ya MRI, kisha wakachukuliwa vinyama kwa sindano kwa njia ya zamani, na majibu yote yakalinganishwa na uchunguzi wa kina wa tezi nzima. Njia ya zamani ilikuwa kuchoma sindano kumi au kumi na mbili kupitia njia ya haja kubwa bila kuona uvimbe ulipo, kama mtu anayechimba mihogo gizani. Katika kila saratani 100 za hatari, sindano hizo zilinasa 48 tu. MRI ilinasa 93. Tena ilionekana kwamba zaidi ya robo ya wanaume wale wangeweza kuepushwa sindano kabisa. Mwaka 2019 miongozo ya Uingereza ilibadilishwa: anayeshukiwa hupigwa MRI kwanza, sindano baadaye.

Kipimo chenyewe hakiumi. Unavua saa, mkanda na chochote cha chuma, unalala chali ndani ya mashine inayogonga kwa kelele, unatulia nusu saa hivi. Msomaji wa picha huipa alama kuanzia 1 hadi 5. Alama za juu humwonyesha daktari mahali pa kuelekeza sindano, maana kinyama bado ndicho kinachothibitisha saratani. Na picha safi isikulevye: saratani saba katika kila 100 za hatari zilipita bila kuonekana, kwa hiyo ufuatiliaji kwa kipimo cha damu unaendelea.

Lakini hakuna mashine inayomfuata mtu nyumbani. Safari huanza na kipimo cha damu cha PSA, ambacho nacho kinaweza kupandishwa na maambukizi ya mkojo au hata kuendesha baiskeli, ndiyo maana majibu yake yanahitaji daktari wa kuyafafanua. Wanaume wanaokimbia hospitali kwa kuogopa kipimo cha kidole kupitia njia ya haja kubwa wajue kwamba hatua ya kwanza ni damu kidogo tu inayochukuliwa mkononi.

Turnbull alipojitangaza, Waingereza wengi walikwenda kupimwa, hata mkuu wa huduma za afya za England wakati huo, Simon Stevens, akamshukuru hadharani. Turnbull alifariki Agosti 2022, akiwa na miaka 66.

Nchini Uingereza, mwanaume mweusi mmoja kati ya wanne hupata saratani hii maishani mwake, wakati kwa wanaume wote ni mmoja kati ya wanane. Basi ukifika miaka 50, au 45 ikiwa baba au kaka yako aliugua, au ikiwa wewe ni mweusi kama mimi, usingoje kuumwa. Nenda kamuulize daktari kuhusu PSA mwezi huu.